Kutoka Moshi na Arusha: namna ya kuiona meli kubwa ya abiria ikiingia bandarini

Sisi wa Moshi na Arusha tumezoea kutazama kikubwa kisichohama. Mlima ukijifunika leo, kesho asubuhi utajifunua. Meli ya abiria haikupi kesho. Mara nyingi huingia alfajiri na kuondoka jioni ya siku hiyo hiyo, na kipande chenye utamu, pale inapopita mlango mwembamba wa bandari, huisha ndani ya nusu saa. Anayewasili saa tano asubuhi akidhani ataiona vizuri gatini atakutana na ukuta, makontena na mapaa ya maghala, na juu ya mapaa kipande cha dohani, lile bomba la moshi la meli. Eneo la bandari lenyewe haliingiliki bila kibali. Meli hutazamwa mlangoni, na hatua zote zinazofuata ni za kukufikisha mlangoni kwa wakati.

Hatua ya 1: Jua unakwenda kuona meli ya aina gani

Kwetu kila meli nyeupe yenye madirisha mengi ni "meli ya watalii", lakini aina ni mbili. Ya kwanza hujengwa kwa kuvuka bahari kuu kwa ratiba, iwe shwari au dhoruba: ubavu wa chuma kinene, omo, yaani pua ya meli, ndefu na iliyochongoka, mashine za mbio. Ya pili ni hoteli inayoelea, ya kutembeza watu bandari hadi bandari bila haraka. Ya aina ya kwanza inayofanya kazi leo duniani ni moja tu, Queen Mary 2, iliyojengwa Saint-Nazaire, Ufaransa, na kuanza safari Januari 2004. Ina urefu wa mita 345: panga viwanja vitatu vya mpira vya mita 105 kichwa kwa mguu, bado inabaki mita 30. Kutoka usawa wa maji hadi juu ya dohani ni mita 62, na dohani ilifupishwa makusudi ili meli ipite chini ya daraja la Verrazzano-Narrows pale New York. Ndiyo maana inaonekana imekatwa kichwa ukiilinganisha na picha za meli za zamani.

Magazeti yakikuambia ina "uzito wa tani 149,000", usibebe. Tani hizo zinapima ukubwa wa nafasi ya ndani. Hazisemi lolote kuhusu uzito.

Nyingi utakazoziona pwani yetu ni za aina ya pili, na hazina ubaya. Norwegian Dawn iliyotia nanga Dar es Salaam Januari 2024 ina mita 294. Ilitoka katika karakana ya Meyer Werft, Papenburg, Ujerumani, ile ile iliyotengeneza MV Liemba ya Ziwa Tanganyika mwaka 1913. Aliyewahi kupanda Liemba Kigoma ana undugu wa mbali na kila abiria wa Norwegian Dawn.

Hatua ya 2: Pata tarehe, kisha uithibitishe mara tatu

Msimu ni Novemba hadi Machi au Aprili, wakati wa kaskazi, Ulaya ikiwa baridini. Nje ya hapo usiwe na matumaini makubwa.

Anza na tovuti ya kampuni ya meli. Ratiba hutoka mwaka mmoja au zaidi kabla, ikiwa na saa ya kufika na ya kuondoka. Pili, mamlaka za bandari: ile ya Kenya huchapisha orodha ya meli zinazotarajiwa ndani ya siku 14. Tatu, na hapa Arusha ina bahati kuliko miji mingi, ni watu wa utalii. Baadhi ya abiria hushuka melini na kurushwa kwenda mbugani kwa siku moja au mbili, na magari ya kuwapokea hupangwa mapema. Ukiwa na shemeji au jirani anayeendesha gari za wageni, muulize. Safari ya meli ikifutwa, yeye ataambiwa kabla yako.

Siku tatu kabla, hamia kwenye programu za simu zinazofuatilia meli, kama MarineTraffic au VesselFinder. Hapa watu wengi hukosea, na makosa ni yale yale.

Kosa la jina. Meli zenye majina yanayofanana ni nyingi, kuna hadi boti za uvuvi zenye majina ya kimalkia. Tafuta kwa namba ya IMO, tarakimu saba zisizobadilika hata meli ikiuzwa na kubatizwa upya. Ya Queen Mary 2 ni 9241061. Ukitaka kujua kama hukukosea kuiandika, zidisha tarakimu sita za kwanza kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mpangilio huo, ujumlishe: 63 + 12 + 20 + 4 + 0 + 12 = 111. Tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ilingane na ya mwisho ya namba. Hapa zote ni 1.

Kosa la saa. Programu nyingi huonyesha saa ya dunia, UTC. Ongeza saa tatu upate ya Afrika Mashariki, kisha uigeuze kwa hesabu yetu. Ikiandikwa 03:00 UTC, kwetu ni saa 12 asubuhi. Anayesoma 03:00 akadhani ni saa tisa usiku hukesha bure. Anayedhani ni saa tatu asubuhi huikuta meli imeshafungwa kamba.

Kosa la hofu. Katikati ya bahari meli hupotea kwenye ramani ya bure, kwa kuwa minara ya pwani hunasa mawimbi yake ya redio ikiwa ndani ya kilomita 70 hivi tu. Kupotea si kuzama wala kughairi. Itaibuka tena ikikaribia.

Halafu kumbuka kwamba saa ya kufika huandikwa na mtu melini kwa mkono, na mara nyingi ni saa ya kumpokea rubani, yule mtu wa bandari anayeiongoza meli kuingia, nje ya bandari. Mlangoni itapita baadaye kidogo, na gatini baadaye zaidi. Wewe kuwa mahali pako saa moja na nusu kabla ya muda ulioandikwa.

Hatua ya 3: Chagua bandari

Kwa mtu wa Moshi, Mombasa ni jirani kuliko Dar es Salaam. Ni kama kilomita 300 kupitia Holili, Taveta na Voi, lami tupu. Dar ni zaidi ya 550. Mtu wa Arusha aongeze 80 kote kote. Mombasa pia ina uwanja mzuri zaidi wa kutazamia, kwa hiyo meli ikipita bandari zote mbili, sisi tunasema Mombasa, ila kama huna hati za kuvukia mpaka. Zanzibar ni nzuri ukiwa huko tayari. Forodhani unaona bahari yote. Tanga ni mji wa kupendeza, ila meli za aina hii huko ni za kubahatisha.

Kwa njia ya Mombasa, andaa haya wiki mbili kabla:

– Pasipoti, au hati ya dharura ya safari kutoka Uhamiaji. Mtoto naye awe na yake. Cheti cha kuzaliwa peke yake kimewarudisha wengi Holili.
– Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ichomwe siku 10 kabla ya safari, maana kabla ya hapo haihesabiwi.
– Ukienda na gari: kadi halisi ya gari, barua ya mwenye gari kama si lako, na bima ya kuvuka mpaka, ile Kadi ya Njano ya COMESA. Upande wa Kenya, forodha watakuandikia kibali cha muda cha gari. Bila hicho utasumbuliwa kwenye kila kizuizi.
– Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Chakula kitie kwenye kikapu au makopo.

Lala Mombasa usiku wa kuamkia siku ya meli. Wapo wanaopiga hesabu ya kuondoka Moshi saa nne usiku wafike alfajiri. Hesabu hiyo huanguka baada ya Voi, kwenye foleni ya malori kati ya Mariakani na Changamwe, ambayo haijali una haraka ya nini.

Kwa njia ya Dar, basi hukushusha Mbezi, stendi ya Magufuli. Panda daladala hadi Kimara, kisha mwendokasi ya Kivukoni mpaka mwisho wa njia. Ukishuka, mlango wa bandari uko mbele yako, harufu ya soko la samaki itakuongoza. Huku nako, fika siku moja kabla.

Hatua ya 4: Chagua upande wa kusimama

Mombasa, mahali ni Mama Ngina, ukingo wa kisiwa ulio juu ya mlango wa Kilindini, mwendo wa miguu kutoka feri ya Likoni. Meli hutokea bahari kuu upande wa mashariki, hupita mbele yako, hukata mbele ya feri na kuingia ndani kuelekea gati namba 1. Usisimame karibu na feri ingawa ndiko meli inakopita karibu zaidi: kuna msongamano, na walinzi hawataki kamera. Sogea kuelekea upande wa bahari, kwenye mibuyu na sehemu watu wanayoiita Lighthouse. Hapo unaiona ikija, ikipita na ikikupa tezi, yaani sehemu yake ya nyuma.

Asubuhi meli inakuja na jua nyuma yake. Utaona kivuli kikubwa cheusi chenye kingo za dhahabu, kizuri kwa macho na kigumu kwa kamera. Picha zenye rangi subiri hadi ikupite, uipige kutokea nyuma. Jioni ni kinyume: jua liko mgongoni mwako, meli inatoka imeangaziwa omo hadi tezi. Mwenye uwezo wa kuitazama mara moja tu, tunamshauri jioni, hata kwa sababu ya usingizi.

Dar es Salaam pande ni mbili, na kosa la upande haliwezi kurekebishwa, kwa sababu meli ikikaribia, kivuko husimama. Asubuhi vuka uwe Kigamboni kabla ya saa 11 na nusu: jua litakuwa nyuma yako na mji mbele. Jioni baki Kivukoni. Kuna tahadhari moja isiyo na mzaha: ng'ambo ya mlango ule ipo Ikulu. Ukiwa Kigamboni usielekeze kamera huko hata kama meli iko katikati. Acha ipite kivuko, iwe na maghorofa ya mjini nyuma yake, ndipo upige. Askari akikuambia uishushe, ishushe kwanza, maelezo baadaye. Droni inahitaji vibali katika nchi zote mbili, isahau.

Wanaotaka kuiona mapema zaidi wakae barabara ya Barack Obama, inayotazama bahari, waiangalie ikikaribia visiwa vya Makatumbe. Ila kutoka hapo hadi kivukoni kwa mguu huwezi kuiwahi. Chagua kimoja.

Hatua ya 5: Vifaa

Darubini za mbugani zinatosha kabisa, na Arusha kupata ya kuazima si kazi. Iliyoandikwa 8x42 ni bora kuliko 10x25 iliyo ndogo ya mfukoni. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawa ya pili kwa ya kwanza: 42 kwa 8 ni zaidi ya 5, 25 kwa 10 ni 2.5. Jibu kubwa linamaanisha mwanga mwingi machoni, na alfajiri ndiyo unayoitaka. Mabaharia hutumia 7x50, jibu lake ni zaidi ya 7. Ukuzaji wa 10 na kuendelea, pamoja na upepo wa kaskazi, picha hutetemeka; egemeza viwiko kwenye ukuta.

Simu isiyokuzwa, ukiilaza, hubeba upana wa mita 14 hivi kwa kila mita 10 za umbali. Meli ya mita 345 inataka uwe mbali nayo kama mita 250 ndipo iingie nzima. Kwenye mlango mwembamba haitaingia, kwa hiyo ipige ikiwa bado inakuja kwa pembe, kabla haijafika mbele yako. Usitumie mtindo wa panorama: meli inatembea, nawe unazungusha simu, matokeo ni meli iliyovutwa kama mpira au iliyokatwa dohani.

Zaidi ya hapo ni maji lita mbili kwa kila mtu, kofia, na nguo nyepesi. Joto la pwani mwezi Januari huwaangusha watu wa Arusha saa nne asubuhi, wakiwa bado na sweta walilovaa kwenye basi.

Hatua ya 6: Meli inapokuja, tazama haya kwa mpangilio huu

Upeo. Ukisimama macho yakiwa mita 2 juu ya bahari, upeo uko kilomita 5 tu. Lakini ncha iliyo mita 62 juu huonekana tangu kilomita 33, kama hakuna ukungu. Kwa hiyo kitakachotokea kwanza ni dohani na mlingoti vikielea peke yake, kama vimesahauliwa baharini. Mwili hupanda baadaye. Meli ikienda kilomita 28 kwa saa, una saa nzima ya kuiona ikiota kutoka majini. Wengi huukosa mwanzo huu kwa kungoja "meli" nzima itokee.

Rubani. Kabla ya mlango, boti ndogo huifuata meli na kujibana ubavuni mwake, upande wa demani, yaani usiopigwa na upepo. Hapa darubini inalipa. Tafuta mlango mdogo karibu na maji, na ngazi ya kamba yenye vipandio vya mbao ikining'inia. Boti inapanda na kushuka na mawimbi, meli haishtuki. Rubani anangoja boti ifike kilele cha wimbi, anashika ngazi, na boti inaanguka chini yake. Ni sekunde mbili au tatu. Kama demani iko upande usioelekea kwako hutamwona, ila utaona bendera ikipandishwa, nusu nyeupe na nusu nyekundu: rubani yumo.

Bendera nyingine. Tezini hupepea ya nchi meli ilikosajiliwa, ambayo mara nyingi si nchi ya kampuni. Queen Mary 2 huandikwa Hamilton, Bermuda, chini ya jina lake. Juu mlingotini hupepea bendera ya nchi mwenyeji, Kenya au Tanzania, kwa heshima. Ya manjano peke yake ina maana meli inaomba kibali cha afya.

Tagi. Hizi ni boti fupi nene za kuvuta na kusukuma. Meli za siku hizi zina rafadha, yaani panga za kusukuma maji, za pembeni kwenye omo, Queen Mary 2 ina tatu, na zinaweza kujisogeza gatini kama kaa. Tagi huwepo hata hivyo, kwa sababu ubavu mrefu vile ni tanga. Upepo ukizidi, meli hungoja nje au hughairi kabisa, na hakuna atakayekuomba radhi. Weka akiba ya siku moja kama unaweza. Mombasa siku isiyo na meli bado ina Fort Jesus.

Maji. Meli ikipita, tazama ufukwe. Maji hurudi nyuma kwanza, kana kwamba yanavutwa, kisha hurejea kwa nguvu. Watoto wasiwe chini ukingoni wakati huo, hasa Kigamboni. Na bamvua, yaani maji makuu, likiwa limejaa, ule mchanga uliokuwa umepanga kusimama haupo; angalia saa za maji kujaa na kupwa kabla ya kuahidi watu mahali. Kila siku husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Hatua ya 7: Jioni

Rudi mahali pako saa moja kabla ya muda wa kuondoka. Dalili zinakuja zenyewe: bendera ya buluu yenye mraba mweupe katikati, moshi mzito kidogo kwenye dohani, kisha maji ya pembeni kugeuka rangi ya chai ya maziwa, rafadha zikikoroga tope la chini. Hapo kamba zimeachiwa.

Honi nayo ni lugha. Mlio mmoja mrefu ni wa kutoka gatini. Mmoja mfupi: nageuka kulia. Miwili mifupi: nageuka kushoto. Mitatu: mashine zinarudisha nyuma. Mitano mifupi na ya haraka si salamu, ni onyo, na mara nyingi linamhusu mvuvi mwenye ngalawa aliyejisahau mlangoni. Honi moja ya Queen Mary 2 ilitoka kwenye Queen Mary ya zamani, ile ya miaka ya 1930, na husikika umbali wa kilomita 16. Aliyebeba mtoto mchanga amzibe masikio mapema.

Meli ikishapita mlango, kila mtu huondoka kwa pamoja, na feri iliyokuwa imesimama ina foleni ya watu wa kazini juu ya wale waliokuja kutazama. Usiingie humo. Agiza muhogo wa kukaanga, ukamuliwe ndimu na kutiwa pilipili, ukae ukutani mpaka boti ya rubani irudi.